Nguo Namba Moja

Jumatatu saa nne asubuhi, Mama Chiriku alitandika shuka jeupe juu ya meza ya ofisi, akalaza juu yake sweta la njano la binti yake, akaweka kiberiti kando ya mkono wa kushoto, akapiga picha. Kiberiti kilikuwa wazo lake. Walikuwa wanatengeneza programu ya simu ya kuuza na kununua mitumba ya watoto, na kila nguo ilipaswa kupigwa picha na kiberiti ili mnunuzi aone ukubwa wake, maana lebo za shingoni hudanganya na wauzaji huzisaidia. Sweta lilikuwa na urefu wa viberiti vinane. Alilisajili kama nguo ya majaribio, ikawa nguo namba moja, na jioni akarudi nalo nyumbani kwa sababu Chiriku alikuwa bado analivaa.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la magodoro, nayo ilikuwa na watu watatu. Mama Chiriku alichora kurasa na vitufe. Injinia, baba wa mapacha, alivifanya vifanye kazi. Bosi alitafuta wafadhili na kutoa methali.

Wiki ya tatu baada ya programu kufunguliwa kwa umma, nguo zilianza kukua. Hazikukua makabatini, zilikua kwenye picha tu. Fulana ya mtoto mchanga iliyopandishwa kwenye programu ikiwa na urefu wa viberiti vitano ilifika kumi na viwili kwa siku nne, na muuzaji alipopigiwa simu akasema ndiyo, mwanawe sasa yuko darasa la tano. Kiberiti chenyewe hakikubadilika. Injinia alikagua siku mbili, akaeleza kwamba kila nguo inamfuata mtoto wake mpaka alipo, halafu inakua naye. Bosi akauliza kama hilo linaweza kurekebishwa kabla ya Ijumaa. Injinia akasema haliwezi.

Wateja walikasirika. Mmoja aliandika kwamba ameagiza kaptula ya mtoto wa miaka miwili, na kwenye picha sasa inamtosha mume wake, ambaye si haba.

"Lakini zipo zisizokua," Injinia akasema. "Nimezihesabu. Mia moja na arobaini."

Mama Chiriku aliwapigia wauzaji wawili. Wa kwanza alikuwa na gauni lenye maua.

"Shikamoo mama. Samahani, aliyevaa hili gauni yuko wapi sasa?"

"Marahaba mwanangu. Tulimzika mwaka juzi. Limefuliwa vizuri lakini, usiwe na wasiwasi."

Wa pili alikuwa baba aliyekuwa akiuza suruali ya jinzi. "Yupo, anacheza hapo nje," akasema. "Ila mwaka wa pili huu, kitasa cha mlango kinamfikia palepale kwenye sikio. Tunauza vitu tuhame."

Wote wawili waliishi nyuma ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mama Chiriku akaomba ramani, Injinia akaiweka kwenye skrini. Nukta mia moja na arobaini zilikaa kando ya ukuta wa kiwanda, upande unakoelekea upepo, mahali ambapo akina mama huanua nguo mapema kabla vumbi la kijivu halijatua. Yeye pia huanua mapema. Baba Chiriku alifanya kazi kwenye tanuri, na nyumba yao, ya tatu kutoka ukutani, ilikuwa ya kiwanda. Papo hapo akaomba aonyeshwe nguo namba moja. Viberiti vinane na robo. Lilikuwa limekua. Alikunywa maji, akarudi kwenye kiti chake.

Bosi aliisogelea ramani.

"Hizi ndizo nguo zetu bora," akasema. "Picha haidanganyi, mteja halalamiki. Chema chajiuza. Tuzipe alama."

Mama Chiriku ndiye aliyeichora alama hiyo, kwa kuwa ndiyo kazi yake: tiki ya kijani yenye maneno *Saizi Haibadiliki*. Zile mia moja na arobaini zilipewa siku hiyo hiyo; kuanzia hapo, nguo nyingine ikikaa siku sitini bila kukua, alama inakuja yenyewe, na nguo inapanda juu ya orodha. Wiki ile ile mauzo yaliongezeka maradufu.

Ramani aliichapa akaipeleka ofisi ya mtaa. Karani aliigeuza huku na huku, akasema kwa kicheko, "Kikulacho ki nguoni mwako, dada!" Kisha akafunga mlango, akauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kumpatia koti la mtoto wa miaka minne, lakini lile lisilokua. Ramani aliitia kwenye faili.

Kila asubuhi Mama Chiriku alifungua picha ya nguo namba moja kabla ya kuvua mkoba begani. Viberiti vinane na robo. Mwezi ukapita. Vinane na robo.

"Ifute," alimwambia Injinia.

"Nikiifuta zote zinaanguka, dada yangu. Vipimo vya nguo zote nilivifunga kwenye namba moja, siku ile ya haraka ya kufungua programu. Kosa ni langu."

Nyumbani alimsimamisha Chiriku kwenye fremu ya mlango, akachora mstari kwa penseli. Jumapili iliyofuata akachora mwingine, ukaangukia juu ya ule wa kwanza. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kunyamaza hata akila, alisimama kimya mpaka akaambiwa atoke.

"Kila mtoto na wakati wake wa kurefuka," Baba Chiriku akasema, akinawa mikono kwa mara ya tatu. Maji yalikuwa bado ya kijivu.

"Tuhame, baba," Mama Chiriku akasema.

"Nyumba ya kiwanda, mshahara wa kiwanda. Tukitoka hapa tunatokea wapi?"

Mama Chiriku alimwongezea mtoto mayai na maziwa, akaanza kuanika nguo ndani, akaziba dirisha la upande wa ukuta kwa gazeti na gundi. Siku ya hamsini tangu sweta liache kukua pichani, hakufungua picha. Siku ya hamsini na tano pia hakuifungua, lakini alijua ni ya hamsini na tano.

Siku ya sitini walikuwa mezani, wanakunywa chai. Simu ikatetemeka kando ya sahani. Ujumbe alikuwa ameutunga mwenyewe, na wakati ule aliuona mzuri: *Hongera! Nguo yako imepata tiki ya kijani. Sasa iko juu ya orodha.*

Chiriku alikaa mbele yake ndani ya sweta la njano, mikono ya sweta ikiishia kwenye vifundo vya mikono yake, kama mwaka jana.

Simu ikatetemeka tena. Mtu aliyekuwa na picha ya ua badala ya uso alikuwa ameandika: *Bado lipo? Nije lini kulichukua?*

"Nani huyo, mama?" Chiriku akauliza.

"Mteja," akasema, akaizima simu, akamfunga mtoto kifungo cha shingoni. Kiliingia bila taabu.