Sahihi ya Tano

"Shemeji akiingia humu, namtoa dirishani," Kinyozi alimwambia dada yake. Dirisha la ofisi ya Mchungaji lilikuwa na nondo, lakini nondo hazijawahi kuzuia maneno.

Dada alikaa, mkono wa kushoto umefungwa plasta. Alitaka kitu kimoja tu: asirudishwe. Kila alipokimbilia hapa, kikao kiliisha kwa maombi, wanapeana mikono, wanasaini daftari la suluhu, halafu huyo, anarudi kupigwa upya.

Nje mtu alikohoa. Ni shemeji, bwana bucha, mabega kama kabati. Ghafla Kinyozi akasikia kiu kali. Akachomoka kwa mlango wa nyuma, akajibanza kwenye stoo ya mafagio, akabakiza upenyo wa jicho moja.

"Mchungaji, tusichoshane," shemeji alimwambia Mchungaji aliyekuwa mezani kwake, akiketi bila kukaribishwa. "Nina wateja. Leta daftari tusaini, nimchukue mama watoto."

"Mkono wake umefanya nini?"

"Si aliteleza bafuni? Muulize mwenyewe."

Dada akainua uso. "Bafu letu lina ngumi, Mchungaji."

Mchungaji akafungua daftari, akawa anasoma kwa sauti, kidole kikishuka. Jicho: wamesuluhishwa. Meno mawili: wamesuluhishwa. Ubavu: wamesuluhishwa. Alipofika mara ya nne, kidole kikasimama.

"Chini hapa, sahihi ya nani?"

"Si ni yako, Mchungaji!" Shemeji alicheka.

"Ni yangu. Zote nne." Akamgeukia dada. "Ulinijia umevimba, nikakurudisha, nikaiita amani. Nilikosa, mwanangu. Nisamehe." Kisha akamtazama shemeji. "Ya tano huipati. Daftari hili linakwenda polisi, na mimi nakwenda nalo kueleza kila mstari."

"Mchungaji, haya ni mambo ya ndani!"

"Ndani ndimo alimovunjwa mkono."

Shemeji akasimama, ngumi mezani. Mchungaji, mwembamba kama kalamu, naye akasimama, hakurudi nyuma hata unyayo. "Mlango ule pale. Na Jumapili nitayasema haya madhabahuni, nikianza na kosa langu."

Shemeji akamtazama mkewe, akingoja ainamishe kichwa kama siku zote. Dada alimkazia macho mpaka shemeji ndiye aliyeangalia pembeni, akatoka.

Wakaondoka kwa miguu, dada mbele, Mchungaji na daftari kwapani. Sokoni wauza mboga wakauliza kulikoni. "Tunakwenda kumshitaki aliyempiga mwanangu!" Mchungaji alijibu bila kushusha sauti. Mmoja akafunika nyanya zake, akafuata. Wa pili, wa kumi. Walifika kituoni wamejaa barabara nzima, vigelegele juu. Afisa akasoma daftari, akaandika maelezo, na safari hii hakuna aliyewaambia wakayamalize nyumbani. Kabla ya jioni shemeji alikuwa mahabusu, na dada amehamia kwa kaka yake.

Kesho yake kinyozini, mteja alikuwa amenyolewa nusu kichwa, nusu ya pili ikisubiri hadithi.

"Nikamkunja shati hivi! Nikamwambia, mguse tena dada yangu uone!"

Mama mfagiaji wa kanisa, aliyekuja kumjulia hali dada, alisimama mlangoni. "Shati la nani, baba? Si mimi niliyekutoa stoo? Umeukumbatia mfagio wangu, hutaki hata kuuachia!"

Mkasi ukanyamaza. Dada, akikunja taulo kwa mkono mmoja, ndiye aliyeanza kucheka.

"Endelea, kaka. Ukamkunja shati, halafu?"