Nyuma ya Jiwe la Simba

Alimtambua mzee yule hata kabla hajakanyaga ngazi ya basi. Sauti ile ile ya kufokafoka hata anaposalimia, na mkono ule ule wa kumshika kila mtu bega kana kwamba kamnunua. Muongoza watalii akasimama mlangoni na tabasamu lake la kazi. Ndiye huyu! Mlinzi mwenzake baba hapa magofuni, aliyeapa mahakamani kwamba alimwona baba kwa mbali akitoka na jiwe la simba, lile la kuchongwa la langoni, ndani ya gunia. Baba akaenda jela, akarudi mtu wa kujifungia chumbani, anayekula akiwa ameugeukia ukuta. Mwenzake akafungua duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na hakuna aliyemuuliza mtaji katoa wapi.

Leo kaja na wazazi wa binti atakayeolewa na mwanawe, anataka wamjue yeye ni nani. Mzee hakumkumbuka muongozaji kabisa. Alimwacha akiwa bado anavaa sketi ya shule.

"Binti, magofu haya nayajua kuliko wewe," akamwambia, wakwe wakacheka.

"Ndiyo maana nimefurahi umekuja, mzee," akajibu. Na Mungu shahidi, hakusema uongo.

Walianzia korongoni. Mzee akataka picha, akawa anarudi nyuma kinyumenyume, tumbo mbele, kule chini mto ukionekana mwembamba kama uzi. Muongozaji angenyamaza tu, basi, yangekwisha.

"Simama hapo hapo, mzee!" akapiga ukelele.

Mama mkwe akamshukuru kwa utu wake. Utu? Thubutu! Alimtaka mzima, na ulimi wake mdomoni.

Sasa, watu wa kazi hii wana ujanja wao. Kila basi lina mjuaji wake, na ukitaka aseme, usimuulize. Kosea tu makusudi, halafu ukae pembeni.

Walipofika kwenye lango la ngome, akaonyesha tundu lililobaki juu ya mlango. "Hapa lilijengewa jiwe la simba, tangu Zama za Kati. Simba mbele. Nyuma hakuna kitu, tupu kabisa."

"Nani kakudanganya wewe?" mzee akadakia.

"Wa nyuma hawakusikii, mzee. Shika hiki." Akampa kipaza sauti chake cha mkononi.

Mzee akakishika kwa mikono miwili. "Nyuma kuna samaki! Samaki wa kuchonga, mkia umemeguka. Ni alama ya fundi. Hawa watoto sijui wanasomea wapi!"

Watu wakapiga makofi. Akawaacha wamalize.

"Nyuma kulikuwa ndani ya ukuta, mzee. Hakuna aliyeuona upande huo mpaka jiwe lilipong'olewa, na jiwe halijaonekana tena hadi leo. Na wewe uliapa kwamba ulimwona baba yangu kwa mbali, jiwe likiwa guniani. Huo mkia uliuona wapi?"

Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni, kila mtu akasikia anavyohema.

"Mkwe, si ujibu?" akasema baba mkwe. Akamshika mkewe mkono, wakasogea kando.

Mzee akamfuata muongozaji pembeni, sasa ananong'ona. "Mwanangu, tuyamalize wenyewe. Mimi ni kama baba yako."

Hapo ndipo hasira ilipompanda hadi utosini. "Baba yangu ninaye. Utamwambia yeye."

Basi likapitia kwao muongozaji, mzee akiwamo, na hakuna abiria aliyelalamika. Wote walishuka, shingo wamezinyoosha. Muongozaji akaingia chumbani kwa baba, akamweleza nani yuko nje na kasema nini. Baba akavaa shati, akafunga vifungo vyote, akatoka hadi barazani.

Mzee akapiga magoti mchangani, akaanza kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, lile jiwe..."

"Ngoja kwanza," baba akasema. "Majirani hawajatoka wote."