Ramani ya Kisimachumvi

Kopo lilipofika chini halikuchota maji, liligonga jiwe. Yudith akaitikisa kamba, akalikokota kopo huku na huko, akavuta. Nusu kopo, rangi ya chai ya maziwa, chumvi tupu. Nyuma yake wanawake tisa walikuwa wamepanga madebe tangu alfajiri. Mumewe, Zebedayo, alipita kando yao kwa magoti, akinyoosha kamba yenye mafundo kutoka ukingo wa kisima hadi mlango wa jirani yao Mwatum.

"Futi arobaini na moja," alisema, akaandika.

Miaka kumi na miwili Zebedayo alishika mnyororo wa wapima ardhi katika mashamba ya mkonge, Muheza mpaka Moa. Alipima ardhi ya watu mpaka magoti yakaota sugu. Sasa, mwaka wa hamsini na nne, alikuwa anapima kwao, Kisimachumvi.

Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa amesema hawezi kuleta bomba mahali asipopajua. "Basi tumjulishe," akasema Mzee Massoud, Mpemba muuza mchele, mwenyekiti wao. Wiki saba walikutana barazani kwake kila baada ya alasiri, Waislamu na Wakristo, wakapanga mtaa wao utakavyokuwa. Mabomba matatu. Barabara ya kupita gari la wagonjwa. Kiwanja cha shule nyuma ya msikiti. Ili barabara inyooke, Rafaeli alibomoa ukumbi wake mwenyewe, kwa jembe lake mwenyewe.

Ramani ilipokuwa karibu kwisha, Zebedayo aliitandaza mkekani. Kila ua alikuwa ameuchorea kisanduku kidogo pembeni, kwa penseli.

"Na hivi ni nini, mgosi?" Massoud aliuliza.

"Vyoo, mzee."

Kicheko kililipuka.

"Cha Bi Mwanamwema kiandike jina," Rafaeli alisema, "wageni wasije wakapotea."

"Kiandike," alijibu Mwanamwema, mkunga wa mtaa, bila kucheka. "Vipo. Tumechimba wenyewe. Viache, mwanangu."

Massoud alitikisa kichwa. "Karatasi hii inakwenda mezani kwa mtu, Bibi. Anawekewa chai hapo. Tumpelekee na vyoo vyetu? Hata kama hatuna maji, adabu tunayo."

Zebedayo alichukua kifutio, akavifuta kimoja kimoja, vyote thelathini na vinane. Kisha wenye nyumba wakaja mmoja mmoja, wakatia dole gumba kuithibitisha.

Miezi miwili baadaye Zebedayo na Massoud waliitwa ofisini. Bwana Shauri alikuwa amekaa na Bwana Afya, ramani imelala katikati yao.

"Kazi safi," Bwana Shauri alisema kwa Kiswahili chake kizuri. "Ni ya kweli?"

"Kweli, bwana. Nimepima kwa kamba."

"Hakuna kosa?"

Zebedayo alijinyoosha. "Hata futi moja, bwana."

"Nyumba thelathini na nane. Watu zaidi ya mia mbili. Choo hata kimoja hakuna."

"Vipo, bwana! Kila ua. Vya mawe. Twende sasa hivi ukaone."

"Kwa nini havimo?"

Zebedayo alimtazama Massoud. Massoud alikuwa anaitazama kofia yake mapajani.

"Tuliona haya, bwana."

Bwana Shauri alimtafsiria mwenzake. Wakacheka wote wawili, wala si kwa ubaya.

"Na madole haya ni ya nani? Mliidanganya serikali?"

"Hapana, bwana."

"Basi vyoo hakuna. Pale pana hatari ya maradhi. Mtahamia ng'ambo ya reli."

"Na bomba?" Zebedayo aliuliza.

"Bomba litakuja. Tutajenga nyumba za maofisa pale, na tutafuata mpango wenu. Ni mzuri sana."

Jumatatu walikuja askari na vibarua, na msimamizi mwenye ramani mkononi. Zebedayo aliamriwa atangulie na kamba yake, awaonyeshe nyumba kwa mpangilio. Yake ilikuwa ya kumi na saba. Udongo na makuti, haikuchukua muda.

"Na hivi?" kibarua mmoja aliuliza, akionyesha kuta za mawe zilizobaki nyuani.

Msimamizi aliigeuza karatasi, akaigeuza tena.

"Havimo. Acha."

Kufika alasiri nyumba zote zilikuwa chini, na nyua zote chini. Vyoo thelathini na vinane vilisimama peke yake katika uwanja mweupe, kila kimoja na gunia lake mlangoni. Watu walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao, wakingojea kuambiwa waondoke.

Yudith alivumilia mpaka akashindwa. Alichukua kopo lake, akajifunika kanga gubigubi, akaanza kuvuka uwanja kuelekea choo chake. Mtaa mzima uligeuza nyuso upande wa pili: Massoud, Rafaeli, watoto, wote.

Askari hawakugeuka.