Kijani Chini ya Ngozi

Bi Brashi hakupenda kupangwa jozi kama viatu. Waandaaji wa maonyesho walikuwa wamempa kila mchoraji mzee ukuta mmoja wa kugawana na kijana, na yeye akaangukiwa na binti ambaye hata mvi ya kuazima hana.

Kilichomuuma hasa hakikuwa binti. Maisha yake yote alichora peke yake, mwanafunzi hakupata hata wa dawa, na watu walimwambia wazi kwamba siku atakayoondoka, mkono wake utaondoka naye. Leo awekwe kando ya chipukizi ili wageni waone vizuri alivyokauka?

"Shikamoo, bibi," binti alisema, vidole vimejaa rangi.

"Marahaba. Nimekuja kuchukua picha zangu."

Lakini miguu ilikataa. Mbele yake ilitundikwa picha ya mwanamke anayemsuka mwanawe nywele, na chini ya kahawia ya mashavu yao kulikuwa na kijani. Aliisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kitambaa.

"Nani kakufundisha kuanza ngozi na kijani?"

"Hakuna, bibi. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunapanga foleni zahanati. Ukutani walichorwa mama na mtoto, na rangi ilipobambuka usoni, chini kukaonekana kijani. Nikajua ndivyo ngozi inavyochorwa. Mpaka leo, nisipoanza na kijani, mtu wangu anakuwa kama maiti."

Bi Brashi akatafuta kiti. Ukuta ule aliuchora yeye. Ulikuwa wa kijani tangu zamani, na rangi nyeupe ya kuufunika haikutosha, akachora hivyo hivyo. Ulipoanza kubambuka alihama njia, akawa anapitia nyuma ya zahanati kwa aibu.

"Mjukuu wangu," alisema, "ule haukuwa ufundi. Nyeupe iliniishia."

Binti akamkodolea macho, kisha wakacheka wote wawili mpaka msimamizi akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Habari ya kuchukua picha haikutajwa tena.

Siku ya ufunguzi Bi Brashi alisimama kando ya mwenzake, kifua mbele, fahari imemjaa hadi kooni. Mgeni mmoja mwenye miwani aliitazama picha ya kusukana, akamuuliza binti kijani kile amejifunza wapi.

Binti alifungua mdomo, lakini bibi alimtangulia.

"Kwangu," alisema, wala hakuona haya hata kidogo.