Pua ya Kituo cha Maziwa

Kila asubuhi Baba hufungua kifuniko cha debe, huinama, huvuta pumzi, kisha husema, "Mimina." Hapo ndipo nami huchota maziwa kidogo na kuyapima kama yameongezwa maji. Uchachu si kazi yangu. Uchachu ni kazi ya pua ya Baba, na kituo kizima humwita Pua. Wapo wasiojua kuwa ana jina jingine.

Asubuhi ile hakuwa amemaliza hata safu ya kwanza bosi alipotoka ofisini mbio, simu mkononi.

"Acheni kumimina! Kiwandani wamerudisha lori. Maziwa yote ya jana yameganda. Tena!"

Akamgeukia Baba.

"Pua, nani kakuletea uchafu ukampitisha?"

"Sijampitisha mtu, bosi."

"Basi yamechacha yenyewe kwa hasira."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Macho ya wengi yalimwendea mjane mmoja anayetoka mbali na debe lake nyuma ya baiskeli, na kufika jua limeshapanda. Baba hajawahi kumkatalia maziwa hata mara moja.

Jioni Mama alinivuta chumbani. Alikuwa anakunja nguo.

"Mwanangu, yule wa baiskeli bado analeta maziwa?"

"Analeta."

"Ehe. Hebu nusa hili shati la baba yako."

Nilinusa. Macho yakanitoka machozi kwa ukali wa marashi.

"Mtu mzima anajimwagia hivi kwenda kupokea maziwa? Anampendezea nani, ng'ombe? Jana wali umeungua mpaka jirani kauliza kuna nini, yeye kakaa hapo hapo pembeni ya jiko anasoma gazeti! Mwili uko hapa, roho iko kwenye baiskeli."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nampenda Baba. Lakini tangu jioni hiyo nilianza kumchunga kama paka anavyochunga tundu, na kila nilipomwona akizungumza na yule mjane, nilisogea karibu nisikie.

Ndipo nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Baba akifungua debe, macho yake hayakai kwenye maziwa. Yanakaa kwenye uso wa mwenye debe. Anayetania na kucheka anaambiwa, "Mimina." Anayeangalia chini anaulizwa alikamua saa ngapi, na wakati mwingine anarudishwa na maziwa mazuri kabisa. Mjane humtazama Baba machoni bila wasiwasi, basi hupita siku zote.

Siku moja, wenzetu walipokwenda kunywa chai, nilichukua debe la maziwa yaliyobaki tangu jana, lililowekwa pembeni likamwagwe, nikalisogeza mbele yake. Uso wangu hausitiri kitu, kila mtu nyumbani anajua. Siku hiyo niliulazimisha utulie.

"Baba, niangalizie hili."

Aliinama, akavuta pumzi. Akanitazama. Nami nikamtazama.

"Mimina," akasema.

Harufu ya uchachu ilikuwa inanichoma pua pale nilipokuwa nimesimama.

"Baba," nilisema polepole, "ni tangu ulipoanguka?"

Mwaka jana aliteleza kwenye lori, kisogo kikagonga saruji. Walimshona, kidonda kikafunga, tukashukuru na kusahau. Chuoni, tulipojifunza kupima maziwa kwa pua, nilifundishwa kwamba pigo kama lile linaweza kukata mishipa midogo ya fahamu ya kunusia, na mtu akabaki mzima kwa mengine yote.

"Kuanguka gani? Rudi kwenye kipimo chako."

"Na marashi je?"

"Marashi ni marashi." Alifunga debe kwa nguvu. Nilielewa. Asiyeweza kujinusa huogopa asije akawa ananuka mbele za watu.

Kabla sijasema zaidi, bosi aliingia, mjane nyuma yake.

"Kuanzia leo debe lako nisilione hapa, mama."

"Bosi, wanangu wanakula kwa debe hili. Pua mwenyewe ananipitisha. Muulize!"

"Ndiyo nimekuja kumuuliza. Pua, maziwa ya huyu ni mabaya? Sema ndiyo tu, yeye aende, wewe ubaki na kazi yako."

Waliotoka kunywa chai walikuwa wamejaa mlangoni. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na mjane hakuwa na mtetezi. Baba alinitazama usoni, kama anavyowatazama wenye madebe, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kulia.

"Sijui," alisema.

"Hujui? Wewe, Pua?"

"Sijui ya kwake, sijui ya mtu yeyote." "Tangu nianguke kwenye lori, bosi, sinusi kitu. Maziwa, moshi, hata mwili wangu mwenyewe. Nilikuwa nabahatisha, kwa sababu niliogopa kuwaambia."