Droni Iliyojua Kwao

Katika droni aliyoiunda, Solomiya alijivunia jambo moja kuliko yote: adui akiikatia mawimbi ya amri, inageuka yenyewe na kurudi pale pale iliporushwa kwa mkono. Ndiyo tabia ya waunda ndege ndogo wa mji wa Kharkiv. Kwenye klabu yao, ndege isiyorudi miguuni pa mwenyewe ilichekwa mpaka mwenyewe akatamani ardhi immeze. Vita vilipokuja, wakaingia na gundi zao kwenye karakana ya chini ya ardhi, wakaanza kuliundia jeshi macho. Na mrushaji wa droni hiyo huko vitani alikuwa nani? Ostap, mwanawe wa pekee.

Asubuhi hiyo, karakanani, Solomiya alikuwa akitazama picha za droni kwenye skrini, huku Demyan, mwenzake Ostap, akizungumza naye kutoka handakini.

"Mama, wametukatia amri. Haisikii tena."

"Waache wakate! Inajua kwao kuliko wewe ukishalewa."

Demyan akacheka. "Haya. Ostap ameshatoka kwenda kuipokea."

Droni ikageuka. Kivuli chake kikateleza juu ya theluji. Mara Solomiya akaona kivuli cha pili, cha droni nyingine kubwa zaidi, kikifuata nyuma bila haraka. Mungu wangu! Adui hakuwa na haja ya kumtafuta mrushaji, alikuwa anapelekwa mpaka mlangoni.

"Demyan! Inafuatwa! Mwite arudi!"

"Hana simu, mama. Tunaziacha huku ndani, zisimwonyeshe adui tulipo."

"Basi mkimbilie, mjinga we! Kimbia!"

Demyan alikuwa ameshatoka mbio.

Solomiya akabonyeza kila kilichobonyezeka. Geuka. Anguka. Popote, ila si pale. Lakini aliiunda isimsikilize mtu ikiwa njiani kurudi, ili adui asiihadae, na sasa haikumsikiliza hata yeye. Majuto ni mjukuu, wanasema, ila yake yalimkuta angali kitini.

Ostap akaonekana, amesimama peupe katikati ya shamba, anaipungia droni kofia huku akicheka.

"Kimbia, mwanangu! Kiache hicho kidude, kimbia!" Alipiga kelele mpaka wenzake wakamshika mabega.

Droni ikatua miguuni pa Ostap, vizuri mno, ikabiringika chali. Skrini ikaonyesha anga, kisha uso wake akiinama kuiokota, na juu ya bega lake ile nyingine ikishuka.