Bwana wa Kofia Hajavuka

Picha ilikatika wakati yule mwanamke wa kwenye filamu ameshika kitasa cha mlango. Tuliona vidole vyake, tukaona pete, kisha kioo chote kikawa buluu na mistari miwili mitatu ya Kifaransa ikatokea katikati. Sebule yetu ilikuwa imejaa wanawake wa mtaa, mmoja wao na ungo wa mchele aliokuwa akichambua, na wote walinigeukia mimi kana kwamba nimekalia rimoti. Sikuwa nimeikalia.

Nikasoma. Maandishi yalisema kituo hiki hakipatikani tena kwa sababu wenye kituo wanadai malipo yasiyo na kipimo. Kesho yake wenye kituo nao wakatangaza kwamba wenye paraboli, wale wanaotuuzia vituo kwa dishi, ndio wabaya, wanataka kuuza jasho la watu bila kuwapa haki yao. Huyu alimwita yule mlafi, yule alimwita huyu mwizi, na wote wawili walituomba radhi sisi wateja wapendwa kwa Kifaransa kizuri sana.

“Mimi nililipa abonema yangu ya mwezi,” alisema jirani yetu Geneviève. “Wamegombana wao, mwenye kufungiwa mulango njo mimi.”

Tuseme ukweli, ilikuwa filamu ya hovyo. Lakini wanawake hawakuja kwa ajili ya filamu peke yake. Televisheni ni yangu, Josiane, mshonaji wa hapa Kasuku, mjini Kindu, ila kiti cha mbele ni cha mama yangu, Adolphine, na miaka yote yeye ndiye anayewageuzia Kifaransa kwa Kiswahili. Siku ya kwanza ya ukimya walikwenda nyumbani wakinung'unika. Siku zilizofuata walirudi saa ileile, wakaketi mbele ya kioo cha buluu wakizungumza bei ya mafuta ya mawese. Wakati mvua ya mwezi wa tisa inapiga bati, Geneviève akasema lile neno nililokuwa naliogopa.

“Mama Josiane, utumalizie weye. Kama wakati wa vita.”

Nikajichoma sindano. Nilitamani kuwatoa wote nje na ungo wao, maana nilijua hadithi hiyo inaelekea wapi, na nilijua haijafika.

Wakati wa vita, mji wetu ulipozingirwa, treni haikuja, boti hazikuja, na mtu akienda shambani alimwachia Mungu kurudi kwake. Tulikula sombe, majani ya mihogo, bila chumvi. Mfanyabiashara mmoja, Youssouf, alikuwa na jenereta, televisheni, na paraboli pana iliyojaza nusu ya ua wake. Saa kumi aliwasha, na wanawake wakaja kutazama filamu ya nchi za mbali yenye farasi, mashamba makubwa, na bwana mmoja asiyevua kofia hata mezani. Walimwita Bwana wa Kofia. Mama alikuwa amesoma kwa masista, kwa hiyo alisimama kando ya televisheni akigeuza maneno, na mara nyingi Kiswahili chake kilikuwa kirefu kuliko Kifaransa chenyewe.

Baba yangu, Florentin, alikuwa mtu wa baiskeli. Alipeleka chumvi na sabuni Kalima, kwa wachimbaji, akirudi na kile Mungu alichomjalia. Asubuhi ya safari yake ya mwisho alivuka mto hadi Alunguli, akatupungia mkono kutoka ng'ambo, nasi tukarudi nyumbani kupika. Njia ikafungwa yeye akiwa upande ule.

Kisha mafuta ya Youssouf yakaisha. Bwana wa Kofia alikuwa ndiyo kwanza amepanda farasi kurudi kwa mke wake, na pale pale kioo kikafa. Wanawake hawakuwa na pa kwenda. Shambani hapaendeki, sokoni hakuna kitu, nyumbani ni kumsikiliza mtoto akilia njaa. Wakaendelea kuja uani kwa Youssouf, naye, mtu mwema yule, hakuwafukuza. Siku moja Mama akasimama mahali pake pa kila siku, kando ya televisheni iliyokufa, akaendelea kugeuza.

Mwanzoni aliwaheshimu wenye filamu. Bwana wa Kofia alipita mashamba ya zabibu, akalala kwenye majumba ya matajiri. Baada ya muda mashamba yakawa ya mihogo. Watumishi wakamkimbia, divai ikawa maji ya kisima. Siku moja farasi akapata pancha. Hakuna aliyecheka. Mama akaeleza jinsi bwana alivyoshuka, akatafuta kiraka, akapiga pampu, na jinsi alivyofunika mzigo wa chumvi kwa majani ya migomba mvua isije ikamwachia magunia matupu. Wanawake waliitikia tu, polepole. Karibu kila mmoja alikuwa na wake aliyebaki upande ule, na Bwana wa Kofia alitembea kwa niaba yao wote.

Mimi nilikaa mbele kabisa. Nilikuwa na umri wa kujua kwamba mama yangu anatunga, na bado nilikuwa na umri wa kutotaka aache.

Siku aliyomfikisha Alunguli, amesimama ukingoni akitafuta mtumbwi, jenereta ikanguruma. Ndege ilikuwa imeleta mafuta, na Youssouf alitaka kutufurahisha. Kioo kikawaka, wanawake wakasukumana, na huko kwenye filamu ya kweli Bwana wa Kofia alikuwa amefika kwake zamani, amenenepa, anagombana na mkwewe. Mama akarudi kwenye kazi yake ya kugeuza Kifaransa. Njiani kurudi nilimvuta kitenge nikamuuliza kama yule wetu alivuka.

“Kesho,” akasema. “Amechoka. Apumuzike kwanza.”

Kesho hiyo haikuja. Vita ilipopoa, alikuja Onema, mwenzake Baba wa safari. Alikonda mpaka nikamjua kwa sauti. Aliwekewa chakula akakataa kukigusa kabla hajasema lililomleta.

“Shemeji, homa ilimukamata karibu na Kalima. Siku chache tu. Nilimuzika mimi, kwa mikono hii.”

Mama alimmiminia maji. “Asante kwa kuja,” akamwambia. “Ulizika muntu mwingine.”

Msimwone mjinga. Mwaka uleule, nyuma ya nyumba yetu, watu walimlilia bwana wa jirani, wakalala nje, wakagawana nguo zake, na mwezi haujaisha marehemu akaingia uani kwa miguu yake, akamkuta mdogo wake amevaa suruali yake ya Jumapili. Mtaa mzima unacheka mpaka leo. Mama hakucheka. Alituambia, “Munaona?” na tangu hapo kila aliyetaja kifo cha Baba alijibiwa neno hilo.

Basi matanga ya Baba hayakufanyika. Ndugu zake walikuja, wakaomba, wakakasirika, wakazeeka. Wengine wamekufa na matanga yao yamekwisha, yeye bado yuko safarini. Na kwetu mtoto hamtangulii mama kulia. Mjane mwenyewe hajalia, wewe utalia nini? Utaambiwa unamwombea baba yako mabaya. Niliolewa, nikaachika, nikapata mashine yangu ya kushona, nikawa mtu mzima mwenye kunyanyua sauti sokoni, na muda wote huo nilikuwa na kitu kimoja tu nilichokitaka kwa mama yangu. Nilitaka aniruhusu kumlilia baba yangu. Padri alipotaja majina ya marehemu kanisani, nilitazama miguu yangu.

Ndiyo maana Geneviève alipoomba hadithi nilijichoma.

“Nimezeeka,” Mama alisema. “Ulimi umekuwa muzito.”

“Ulimi hauna mufupa,” akamjibu Geneviève. “Tupatie.”

Mama akajiweka sawa kitini. Akaangalia kile kioo cha buluu kama mtu anayesoma. “Haya. Yule mwanamuke alishika kitasa. Akafungua.”

“Nyuma ya mulango kuko nini?” aliuliza Divine, mkwe wa Geneviève, binti asiyeachana na simu yake.

“Kuko muto. Na ng'ambo kuko bwana moja na kofia, anashika baiskeli.”

“Huyu hayuko mule mu filamu.”

“Nyamaza,” Geneviève akamwambia. “Huyu sisi tunamujua.”

Walikuja kila jioni. Wale watu wazima, waliowahi kukaa uani kwa Youssouf, walileta na dada zao. Huko Ulaya au Kinshasa, sijui, mabwana wa kituo na mabwana wa paraboli walikuwa wanaendelea kutukanana, na hapa kwetu Bwana wa Kofia alikuwa Alunguli. Siku moja hakuna mpiga kasia. Siku nyingine mto umejaa. Siku nyingine amekutana na rafiki wa zamani, wamekaa kuzungumza. Mimi nilikanyaga mashine yangu pembeni na hasira zikinipanda na kushuka. Kindu nzima imevuka, pikipiki zimevuka, mbuzi na kuku wamevuka, yeye tu. Lakini nilisikiliza. Mama alipomweleza jinsi anavyokunja suruali ili isishikwe na mnyororo, nilijua ni Baba, kwa sababu alikuwa akiikunja hivyo hivyo, mguu mmoja, na nilikuwa nimesahau.

Jioni moja ya mvua, bila kutuandaa, akasema mtumbwi umepatikana. Geneviève akaacha kujipepea. Mama akasema baiskeli imelazwa ndani, mpiga kasia amesukuma, maji yametulia. Akasema wamefika katikati ya mto. Mimi niliondoa mguu kwenye mashine.

“Imerudia!” Divine alikuwa na simu mkononi. “Wameelewana. Wametia sahihi, vituo vyote vimerudia.”

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye rimoti. Kioo kikawaka, na yule mwanamke wetu akaonekana amekata nywele, ana mimba kubwa, yuko mahali pengine kabisa. Mlango ule hatukuuona tena. Wanawake wakacheka kwa mshangao, wakasogeza viti. Nami nilimwangalia Mama. Uso wake ulilegea, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

“Asifiwe Bwana,” alisema upesi. “Haya tutazame, tutazame.”

“Na bwana?” Geneviève aliuliza kwa sauti ndogo.

“Kesho,” Mama akasema.

Nikasimama, kitambaa cha mtu kikaanguka chini, nikaenda nikachomoa waya ukutani.

“Kesho ilipita, Mama,” nilisema. “Umalize leo.” Waya bado ulikuwa mkononi mwangu. “Mutumbwi uko katikati ya muto. Nani iko ndani?”

Aliniangalia. Nilidhani atanifukuza, kwa kuwa nyumba ni yake, na ningekwenda.

“Mwenye kasia,” akasema.

“Na nani tena?”

“Mwenye kasia peke yake.” Alikuwa hasemi na wanawake tena, alikuwa anasema na mimi. “Bwana hakuingia mu mutumbwi, Josiane. Hakufika Alunguli. Mimi njo nilimufikisha.”

Aliyekuwa na mtoto mgongoni alimshika mtoto miguu asipige kelele.

“Homa ilimukamata karibu na Kalima,” Mama akaendelea. Alikuwa anasema taratibu, bila mapambo, yeye aliyekuwa hawezi kumvusha mtu barabara bila maneno mia. “Siku chache tu.”

“Nani alimuzika?” nikauliza.

“Onema. Kwa mikono yake.”

Halafu akashika mikono ya kiti kwa viganja vyote viwili. Nikadhani anataka kusimama, nikamkaribia nimsaidie. Hakuwa anasimama. Aliteremka, goti moja kisha la pili, mpaka akafika sakafuni, akanyoosha miguu mbele yake na kuvua kitambaa cha kichwa. Nywele zake ni nyeupe zote, na wengi mle ndani hawakuwa wamewahi kuziona. Kwetu mjane hakai juu siku za matanga. Wanawake walijua kabla yangu, na wakaacha viti vyao mmoja mmoja bila kuambiwa. Geneviève akanyanyua kile kiti cha mbele akakitoa nje, kwenye mvua.

Mama alipiga sakafu kwa kiganja, mara moja, karibu na paja lake. Nikakaa pale, bega langu kwenye bega lake, nikamlilia baba yangu.